Kompyuta mpakato iliyofungwa: Njia za kuweka mfumo mwingine pale mipangilio inapogoma

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA mpakato nyingi zilizokuwa zikitumia Windows 10 zilifika njia panda Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya maboresho kwa mfumo endeshi huo. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0 na, kwa mashine za Intel, kichakato cha kizazi cha nane au cha baada yake. Katika maduka ya mitumba ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, zipo mashine nzima kabisa zisizofikia kiwango hicho.

Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, njia nafuu ni kuweka mfumo mwingine, na mara nyingi mfumo huo huwa ni mmojawapo wa jamii ya Linux, kama vile Ubuntu, Mint au Fedora, ambayo hupatikana bila malipo. Linux si mgeni katika eneo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakati ambapo programu za aina hiyo katika lugha hii zilikuwa adimu.

Kazi yenyewe ya kuweka mfumo huo kwa kawaida haichukui hata saa nzima. Mfumo hunakiliwa kwenye flashi, kompyuta huwashwa kwa kutumia flashi hiyo, na maelekezo hufuatwa hatua kwa hatua. Lakini hutokea kompyuta ikakataa. Pengine huonekana ujumbe kwamba programu hiyo haikubaliki. Pengine programu ya usakinishaji hulalamika kwamba haioni diski yoyote. Na pengine hujitokeza kisanduku kinachodai neno la siri ambalo mnunuzi hakuwahi kupewa.

Vizuizi hivyo vitatu hufanana machoni mwa anayekutana navyo kwa mara ya kwanza, ilhali kila kimoja kina asili yake na dawa yake. Fundi anayevichanganya huweza kumpotezea mteja fedha kwa kubadili diski isiyo na kosa, au kuiharibu bodi kuu akitafuta ufunguo wa mlango ambao haukuwa umefungwa.

Programu inayotangulia mifumo yote

Kabla Windows au Linux haijaamka, kuna programu nyingine inayotangulia. Programu hiyo hukaa ndani ya chipu ndogo kwenye bodi kuu wala haimo kwenye diski, na ndiyo maana kufuta diski hakuigusi. Wataalamu huiita programu dhibiti. Katika kompyuta binafsi ya IBM iliyoingia sokoni mwaka 1981 ilijulikana kama BIOS, na jina hilo limebaki midomoni mwa mafundi hata baada ya mrithi wake, UEFI, kushika nafasi. Umoja wa makampuni unaosimamia UEFI uliundwa mwaka 2005.

Tofauti moja kati ya zama hizo mbili ina uzito mkubwa katika mada hii. BIOS ya zamani ilihifadhi mipangilio katika kumbukumbu iliyotegemea betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu. Betri hiyo ikitolewa kwa dakika chache, mipangilio ilisahaulika, na katika mashine nyingi neno la siri nalo lilitoweka. Ushauri huo ungali unatolewa vijiweni hadi leo. Hata hivyo, katika kompyuta mpakato za kiofisi neno la siri la msimamizi lilihamishiwa zamani kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Anayeng'oa betri katika mashine hizo huambulia kurudisha saa nyuma tu.

Mlango wa kuingilia kwenye mipangilio hutofautiana kwa mtengenezaji. Dell na Acer hutumia kitufe cha F2, HP hutumia F10, na Lenovo hutumia F1 katika ThinkPad na F2 katika IdeaPad. Kwa kuwa Windows za karibuni huwaka haraka mno kiasi kwamba kidole hakiwahi, ipo njia nyingine: mtumiaji hushikilia kitufe cha Shift huku akichagua kuiwasha kompyuta upya, kisha hufuata njia ya utatuzi wa matatizo hadi kwenye mipangilio ya UEFI.

Kabla ya kugusa chochote humo, kuna tahadhari isiyopaswa kurukwa. Kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 husimba yaliyomo kwenye diski kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Mipangilio ya usalama ikibadilishwa, Windows huweza kushuku kwamba imevamiwa na kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au ya mwajiri wake. Asiyekuwa nao huyapoteza mafaili yake yote, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Kizuizi cha saini

Ujumbe kwamba programu haikubaliki hutokana na kipengele kiitwacho Secure Boot. Kwa kifupi, programu dhibiti hubeba orodha mbili: moja ya saini zinazoaminiwa na nyingine ya zile zilizopigwa marufuku. Programu ya kuanzishia mfumo endeshi ikifika bila saini iliyomo kwenye orodha ya kwanza, au ikiwa imo kwenye orodha ya pili, haipiti. Shabaha yake ni njema. Virusi vinavyotangulia kuamka kabla ya mfumo endeshi ni vigumu mno kuvigundua, kwa kuwa huviona vyombo vya ulinzi kabla vyombo hivyo havijaviona.

Kipengele hicho kilienea kwa kasi baada ya Microsoft kuwataka watengenezaji waliohitaji nembo ya Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, wakiwashe tangu kiwandani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwezi Septemba 2011, Matthew Garrett, mhandisi aliyekuwa Red Hat wakati huo, alitahadharisha hadharani kwamba kompyuta zenye funguo za Microsoft peke yake zisingeweza kuwasha Linux. Nchini Hispania, chama cha watumiaji wa Linux cha Hispalinux kiliwasilisha malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya Machi 2013.

Kelele hizo hazikwenda bure. Masharti ya Microsoft kwa kompyuta za kawaida za Intel na AMD yalimtaka mtengenezaji ampe mwenye mashine uwezo wa kukizima kipengele hicho na wa kuweka funguo zake mwenyewe. Kwa mashine zenye vichakato vya ARM sharti lilikuwa kinyume chake: kuzima kulikatazwa kabisa. Aliyenunua Surface RT mwaka 2012 alinunua kifaa alichokimiliki kwa risiti, lakini hakuwa na mamlaka ya kuamua mfumo gani ukae ndani yake, na Microsoft ilipoacha kuuhudumia mfumo huo Januari 2023, hakuachiwa njia rasmi ya kuweka mwingine. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, sharti la kuruhusu kuzima katika kompyuta za kawaida nalo lililegezwa na kuachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Wengi wamelibakiza.

Kwa upande wao, waandaaji wa Linux walitafuta njia ya kupita mlangoni badala ya kuuvunja. Walitengeneza programu ndogo iitwayo shim, ambayo Microsoft huitia saini, nayo shim ikishaamka huikagua na kuiita Linux yenyewe. Ubuntu 12.10 ya Oktoba 2012 na Fedora 18 ya Januari 2013 zilitoka zikiwa na mpango huo, na Debian ikafuata katika toleo la 10 mwaka 2019. Wahandisi wa SUSE walichangia wazo la kumruhusu mwenye mashine aongeze ufunguo wake mwenyewe kupitia shim, na ndiyo maana baadhi ya watumiaji, hasa wenye kadi za picha za NVIDIA, hukutana na skrini ya buluu isiyo ya hitilafu, inayowataka wathibitishe ufunguo.

Kwa hiyo ushauri uliozoeleka wa kuzima Secure Boot kabla ya jambo lolote umepitwa na wakati. Anayeweka Ubuntu, Fedora, Debian, Mint au openSUSE ajaribu kwanza ikiwa imewashwa. Ikikataa, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni kwamba tangu mwaka 2022 baadhi ya kompyuta za kiofisi, zikiwamo ThinkPad Z13, zilitoka kiwandani zikiamini saini ya Windows pekee, na saini ambayo Microsoft huwapa wengine ikiwa imezimwa. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio na kuwasha kipengele kinachoruhusu cheti cha wahusika wengine, na hakuna haja ya kuzima ulinzi wote.

Ya pili ni shim iliyozeeka. Agosti 13, 2024, Microsoft ilisambaza boresho lililozipiga marufuku programu za kuanzishia zenye udhaifu, na kompyuta nyingi zilizokuwa na Windows na Linux kwa pamoja ziligoma kuwasha Linux. Walioathirika walilazimika kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kuifuta sera hiyo na kuiboresha shim, kisha kuiwasha tena. Microsoft ilikuja kulirekebisha jambo hilo Mei 2025.

Suala la umri linagusa hata vyeti vyenyewe. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo ndivyo vilivyomo katika mashine nyingi za mitumba, viliwekewa ukomo kuanzia Juni 2026, na mahali pake pameandaliwa vyeti vya mwaka 2023. Hilo halina maana kwamba Linux iliyokwisha kuwekwa itazimika siku hiyo, kwa kuwa kwa kawaida programu dhibiti haijali tarehe ya mwisho ya cheti. Tatizo huja baadaye, pale toleo jipya linapokuwa na saini ya cheti kipya ambacho mashine haijawahi kukisikia. Ni busara kuiboresha programu dhibiti ya mashine mapema, angali anayeitumia akiwa na mfumo unaowaka. Lenovo, Dell na wengineo huweka maboresho yao katika hazina iitwayo LVFS, nayo Linux huyapakua yenyewe kupitia programu ya fwupd.

Kipengele kinachoonekana lakini hakiguswi

Wamiliki wa kompyuta za Acer wana kisa chao. Huingia katika mipangilio, wakaiona Secure Boot imeandikwa wazi, lakini kwa rangi ya kijivu, na mshale wa kuchagulia huiruka kana kwamba haipo. Wengi huhitimisha kwamba mashine imefungwa na kiwanda. Ukweli ni kwamba Acer hudai kwanza mtumiaji aweke neno la siri la msimamizi. Likishawekwa, kipengele hufunguka, na mabadiliko yakishahifadhiwa neno hilo huweza kuondolewa. Mantiki yake inaeleweka, kwani ulinzi usio na mlinzi huzimwa na yeyote apitaye. Kinachokera ni kwamba hakuna mstari hata mmoja kwenye skrini unaomweleza mtumiaji hivyo.

Katika mashine hizo hizo, mpangilio wa namna diski inavyosomwa umefichwa moja kwa moja. Huonekana tu pale mtumiaji, akiwa kwenye ukurasa wa Main, anapobonyeza vitufe vya Ctrl na S kwa pamoja. HP nayo ina desturi yake: ukizima Secure Boot, mashine ikiwaka tena hukuonyesha tarakimu nne na kukutaka uziandike, la sivyo mabadiliko hufutwa. Anayeshtuka na kubonyeza kitufe chochote hurudi alipoanzia, akidhani mashine imemkatalia.

Diski isiyoonekana: kisa cha Yoga 900

Kizuizi cha pili, cha diski kutoonekana, kilipata umaarufu mwezi Septemba 2016. Wanunuzi wa Lenovo Yoga 900, toleo la 13ISK2, waligundua kwamba Linux iliwaka vizuri kutoka kwenye flashi lakini haikuiona diski ya SSD iliyokuwa ndani. Chanzo kilikuwa mpangilio uitwao RAID.

Kwa asili yake RAID ni mbinu ya kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na kompyuta yenye diski moja haina haja nayo. Lakini katika mashine za Intel za wakati huo, mpangilio huo uliificha SSD nyuma ya kidhibiti kingine, na ilihitajika programu maalumu ya Intel ili kuifikia. Kwa Windows programu hiyo ilikuwapo. Kwa Linux haikuwapo, wala Intel haikuwa imetoa maelezo ya kuwawezesha wengine kuiandika. Katika kompyuta nyingi dawa ingekuwa nyepesi: kuingia katika mipangilio na kubadili RAID kuwa AHCI. Katika Yoga 900 chaguo hilo lilikuwa limeondolewa.

Watumiaji waliochunguza zaidi walidai kwamba Lenovo haikuishia kuficha chaguo, bali iliongeza maelekezo yaliyorudisha RAID hata pale mtu alipoubadili mpangilio kwa mlango wa nyuma. Moto uliwaka zaidi baada ya mhudumu aliyejitambulisha kuwa wa Lenovo kumjibu mteja, katika ukurasa wa mauzo wa duka la Best Buy la Marekani, kwamba mashine ilifungwa kwa makubaliano na Microsoft. Lenovo yenyewe ilikanusha kuwa na nia ya kuzuia mifumo mingine.

Garrett, yule yule aliyeanzisha mjadala wa mwaka 2011, safari hii hakuwaunga mkono waliodai kuna njama. Alieleza kwamba programu ya Intel ilitunza umeme wa betri vizuri zaidi kuliko ile ya kawaida ya Windows, na kwamba lawama kubwa iliiangukia Intel kwa kutoisaidia Linux. Maelezo hayo yana nguvu. Hata hivyo hayajibu swali moja: kama nia ilikuwa kuokoa betri ya mtumiaji wa Windows, RAID ingeweza kuwa chaguo la kuanzia huku AHCI ikiachwa kwa anayeitaka. Kuliondoa chaguo lote kulikuwa uamuzi wa mtu, na mnunuzi hakuelezwa kabla ya kulipa.

Wapo waliokata tamaa na kurudisha mashine dukani. Lakini Oktoba 2016 Lenovo ilitoa programu dhibiti maalumu kwa wanaotaka kutumia Linux katika Yoga 900 na ndugu zake. Aliyeipakua na kuiweka alipata AHCI, na diski ikaonekana.

Mbegu ya kisa hicho haijafa. Vichakato vya Intel vya kizazi cha 11, vilivyoanza kutoka mwaka 2020, vilikuja na mpangilio uitwao VMD unaofanya kazi inayofanana na hiyo. Safari hii Linux ina kiendeshi chake, na mara nyingi ni programu ya usakinishaji ya Windows ndiyo isiyoiona diski hadi iongezewe kiendeshi cha Intel kwenye flashi! Fundi anayeambiwa kwamba hakuna diski katika mashine ya namna hiyo aangalie kwanza kama kuna VMD au RAID kabla ya kumuuzia mteja SSD mpya.

Ikumbukwe pia kwamba anayetaka kubakiza Windows pembeni ya Linux hapaswi kubadili RAID kuwa AHCI kwa pupa. Windows iliyowekwa chini ya RAID hugoma kuwaka. Kinachotakiwa ni kuiagiza kwanza iwake katika hali salama, kubadili mpangilio, kuiacha iwake mara moja ili ijitambue, kisha kuirudisha katika hali ya kawaida.

Chipu inapokufa

Kuna watu wanaoamini kwamba kosa la mipangilio huweza kusahihishwa kila mara. Kumbukumbu za miaka ya nyuma zinaonyesha vinginevyo. Mwanzoni mwa mwaka 2013 baadhi ya kompyuta mpakato za Samsung zilikufa kabisa baada ya kuwashwa kwa Linux katika mfumo wa UEFI. Lawama iliangukia Linux, hadi Februari mwaka huo Garrett alipoonyesha kwamba hata programu ya Windows iliweza kuiua mashine hiyo kwa kuijaza kumbukumbu ya mipangilio. Kasoro ilikuwa katika programu dhibiti ya Samsung.

Desemba 2017 mambo yaligeuka. Ubuntu 17.10 ilikuwa na kiendeshi kilichoiharibu programu dhibiti ya baadhi ya kompyuta, hasa za Lenovo: mipangilio haikuhifadhika tena, na katika baadhi yake flashi hazikuweza kuiwasha kompyuta. Upakuaji wa toleo hilo ulisimamishwa, na nakala iliyorekebishwa ikatolewa Januari 2018. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu kidogo, kwani ilikuwa ni kuweka kiini kipya cha Linux katika mashine iliyoathirika na kuiwasha, ndipo mipangilio ikafunguka.

Kutokana na matukio hayo, njia ya kuandika upya chipu kwa klipu na kifaa cha nje inapaswa kuwa ya mwisho kabisa. Yupo anayeimudu, na miradi kama coreboot, iliyoanza mwaka 1999 ikiitwa LinuxBIOS, imejengwa na watu wa aina hiyo. Lakini ndani ya chipu hiyo mna namba ya utambulisho ya mashine na mipangilio mingine ya bodi husika. Anayeandika juu yake bila kuhifadhi kwanza nakala ya kilichokuwamo, na kuihakiki, anaweza kubaki na kipande cha plastiki.

Neno la siri la mwenye mali wa kwanza

Kizuizi cha tatu ndicho kinachowaumiza zaidi wanunuzi wa Afrika Mashariki. Kompyuta mpakato nyingi za mitumba zilikuwa mali ya makampuni, shule au idara za serikali huko Ulaya na kwingineko, na idara za teknolojia za taasisi hizo huweka neno la siri la msimamizi ili mfanyakazi asivuruge mipangilio. Mashine inapoondolewa kazini, diski hufutwa, lakini neno la siri husahauliwa ndani yake. Huvuka bahari likiwa salama.

Mnunuzi aanze kwa kutambua neno hilo linazuia nini. Lipo linalozuia mashine isiwake kabisa. Lipo linalozuia kubadili mipangilio tu, huku mashine ikiwaka kama kawaida kutoka kwenye diski yake. Na lipo la diski yenyewe, ambalo huifuata diski popote inapohamishiwa.

Kwa aina ya pili, ipo njia halali isiyogusa chipu hata kidogo. Diski hutolewa, huwekwa katika kompyuta nyingine, mfumo husakinishwa humo, kisha hurudishwa. Sharti ni kwamba mfumo uwe na saini inayokubalika, ikiwa Secure Boot imewashwa, na kwamba programu yake ya kuanzishia iwekwe pia katika njia ya akiba ambayo UEFI huitafuta pale isipoona nyingine, yaani folda ya EFI, ndani yake BOOT, na ndani yake faili liitwalo BOOTX64.EFI. Bila faili hilo, mashine itadai kwamba haina mfumo, kwa sababu kumbukumbu ya mahali mfumo ulipo hubaki katika kompyuta iliyosakinishia.

Kwa aina ya kwanza, msaada uko kwa mwenye mamlaka. Muuzaji wa jumla anaweza kuwasiliana na taasisi iliyomuuzia. Dell kwa miaka mingi imekuwa ikimsaidia mteja anayethibitisha umiliki kwa namba ya huduma iliyoandikwa chini ya mashine, na hapo kumbukumbu za umiliki zinapaswa ziwe zimehamishiwa kwake. Kwa ThinkPad, Lenovo imeandika bayana katika miongozo yake kwamba neno la siri la msimamizi likisahaulika, bodi kuu hubadilishwa kwa gharama ya mteja, jambo ambalo kwa mashine ya mitumba laweza kuzidi bei ya mashine yenyewe.

Ukali huo una upande wake wa haki. Kufuli lile lile linalomkwaza mnunuzi mwaminifu ndilo linalomharibia biashara mwizi, na fundi anayekubali kulifungua bila kuuliza risiti hawezi kujua amemfungulia nani. Kwa kompyuta za Apple zenye chipu ya T2, na zile zilizotoka tangu Novemba 2020 zikiwa na vichakato vya Apple yenyewe, kufuli la akaunti ya mwenye mali wa awali huondolewa na mwenye akaunti, au na Apple kwa uthibitisho wa ununuzi.

Anayenunua ana dakika chache za kujilinda, nazo ni kabla ya kutoa fedha. Mashine iwashwe mbele yake, kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio kibonyezwe, kisha mpangilio mmoja usio na madhara, kama vile utaratibu wa vifaa vya kuwashia, ubadilishwe na kuhifadhiwa. Kama neno la siri likidaiwa, au mipangilio ikionekana bila kubadilika, bei izungumzwe upya au mashine iachwe. Namba ya utambulisho inayoonekana kwenye skrini ilinganishwe na iliyobandikwa chini, kwa kuwa zikitofautiana bodi imebadilishwa au chipu imeandikwa upya.

Jaribio jingine linahitaji intaneti. Tangu mwaka 2017 taasisi zimekuwa na huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, ambayo huisajili kompyuta kwa utambulisho wa vifaa vyake. Windows ikiwekwa upya na kuunganishwa na mtandao, jina la taasisi hujitokeza likidai akaunti ya mfanyakazi, na ni taasisi hiyo pekee inayoweza kuuondoa usajili huo. Linux huwekwa katika mashine ya namna hiyo bila kusumbuliwa na usajili, lakini siku mwenye mashine atakapotaka kumuuzia mtu wa Windows, jina hilo litarudi kwenye skrini.